Mwaka wa Povu la Kijani

Makomeno, jioni

Ngoie, mwanangu,

Valizi yako imesimama karibu na mlango, na tantine wako, kama shangazi yeyote, ameifungua tena ili aongeze kitenge kimoja, samaki wakavu wa ndakala na mashauri. Juu ya baridi ya Ulaya amekwisha kukuambia. Juu ya wanaume, juu ya misa ya Jumapili, juu ya kutokula mbele ya watu usiowajua, ameeleza yote, na kwa sauti nzuri kuliko yangu. Mimi sitarudia. Nataka kukuandikia juu ya povu.

Wiki iliyopita ulitusomea ile karatasi ya chuo kikuu, ukatamka kwa Kifaransa chako kizuri kazi utakayojifunza huko Liège: kuhesabu mwendo wa tando nyembamba za maji kwa mashini. Baba yako na mimi tukatazamana, tukaanza kucheka. Ukakasirika. "Munacheka nini? Iko kitu ya kuchekesha?" Hatukukujibu, kwa sababu jibu ni refu na wageni walikuwa wakiingia. Hili hapa.

Ulikuwa mtoto mdogo bado, hujaanza shule. Najua unakumbuka kwamba kulikuwa na mwaka ambao nyumba hii ilijaa mapovu ya sabuni na hakuna aliyekugombeza. Wakati ule nilikuwa nimeazimwa na kampani ya shaba. Walikuwa na mashini ya kuhesabu, ordinateur, kubwa kama chumba chetu cha kulala na sebule pamoja, nao walitafuta mtu anayejua hesabu ngumu na anayeweza kuiandikia mashini maagizo kwenye kadi za matundu. Masista wa lycée nilikokuwa nikifundisha wakanitaja. Kazi ya mashini ilikuwa mishahara ya wafanyakazi na tani za mawe. Maswali mengine yalingoja Jumamosi mchana, ikiwa haina kazi.

Asubuhi ya Jumamosi tulikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kila mtu na jembe lake au ufagio wake, kwa hiyo nilifika kwa mashini na udongo mwekundu kwenye viatu. Opereta hakukubali hata siku moja. "Citoyenne, viatu." Wakati ule sote tuliitwa hivyo, wananchi, na mimi nilivua mlangoni. Chumba kile kilikuwa na baridi ya friji, nje jua la Oktoba linapasua vichwa, na mimi ndani nimevaa sweta na soksi. Hesabu zangu zote za mwaka ule nilizifanya nikiwa na soksi.

Baba yako alikuwa labo, chumba cha majaribio, kwenye kiwanda kinachotenga shaba na mawe. Umekaa na neno kiwanda maisha yako yote, lakini sijui kama tuliwahi kukueleza namna kinavyofanya kazi. Mawe yanasagwa mpaka yawe laini kama unga wa muhogo. Yanaingia na maji kwenye mabeseni makubwa ya chuma, yanatiwa mafuta ya kushika shaba na mafuta mengine ya kutengeneza povu, kisha upepo unapulizwa kutoka chini. Mapovu yanapanda, kila moja limebeba punje za shaba kwenye ngozi yake, na povu la kijani linamwagika ukingoni, linaingia mfereji. Likifa kabla ya kufika ukingoni, punje zinaanguka, na shaba inatupwa pamoja na matope.

Yale mafuta ya povu yalitoka Ulaya. Mwaka ule mapipa hayakufika. Tulingoja, tukaambiwa yako njiani, tukangoja tena. Mkuu wa baba yako, injenieri Monga, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, akapata wazo la kutumia mafuta ya majani ya mkalitusi, maana mikalitusi tunayo kila barabara. Kama wazo lisingefaulu, ule mstari wa mabeseni ungefungwa na watu wake wangetawanywa kwenye migodi ya mbali. Baba yako alikwisha kuambiwa: Kolwezi. Yeye huko, mimi na wewe hapa.

Injenieri Monga alikuja nyumbani, akakaa bila kuegemea.

"Mama Ngoie, ile mashini yenu inaweza kutuambia kama povu itasimama? Siwezi kutia hii mafuta mu kiwanda bila kujua."

"Inaweza," nikasema.

Nilijibu haraka mno. Hata leo, mtu akiniuliza swali zuri, mdomo wangu hutangulia.

Hivi ndivyo nilivyofanya. Nilichukua utando mmoja tu, ule ukuta mwembamba wa maji unaokaa kati ya povu na povu. Nikaukata visanduku kwenye karatasi, kutoka juu hadi chini, na kila kisanduku nikakiandikia namba moja: unene wake. Kisha nikaandika sheria. Maji yanashuka kwa uzito wake. Maji yananyonywa pembeni, pale tando zinapokutana. Na ngozi ya maji inajivuta, kwa sababu ngozi ya maji siku zote hutaka kuwa ndogo. Ndiyo maana tone ni duara. Huo mkazo wa ngozi niliupa namba moja kwa utando mzima. Ilikuwa namba nzuri, baba yako ndiye aliyeipima. Mashini ingehesabu kila kisanduku, isogee mbele kidogo katika wakati, ihesabu tena.

Ikala kadi zangu, ikatoa karatasi ndefu mpaka chini. Namba zikapungua, zikapungua, zikafika sufuri. Utando ulikufa kabla mtu hajapepesa jicho.

Nyumbani nilimwambia baba yako tukiwa tunakula. "Inakufa."

Tonge la bukari likasimama mkononi mwake. "Inakufa namna gani? Leo asubui ilisimama mu kopo. Nikaenda kunywa chai, nikarudia, iko pale pale."

"Karatasi inaonyesha..."

"Mama Ngoie, karatasi haiko maji."

"Na kopo yako haiko kiwanda!"

Wiki zilizofuata tulisalimiana kama majirani. Unajua baba yako akinyamaza anavyonyamaza. Na mimi nilikuwa na karatasi iliyochapwa na mashini, herufi zote zimenyooka, hakuna mkono wa mtu ndani yake. Ni vigumu kukueleza jinsi karatasi ya namna ile inavyompa mtu kiburi. Nilikuwa nimeiandikia mashini kila neno, nayo iliponirudishia maneno yangu mwenyewe nikayapokea kama habari mpya kutoka mahali pa juu.

Mwishowe nilikwenda labo. Nilimwambia nimekuja kuona tu. Akanionyesha kopo lake la kioo, povu limesimama kweli, la kijani, lenye unene wa vidole viwili. Nikalizungusha mkononi nikitafuta la kusema.

"Hii kopo munasafishaka na nini?"

"Na sabuni. Sawa bintu yote."

Tukatazamana. Alichukua kopo, akaliosha kwa maji ya moto, akalisuuza, akalisuuza tena mpaka nikamwonea huruma, kisha akaanza jaribio upya. Povu likapanda. Likasimama kidogo, likaanza kuanguka mbele yetu.

"Basi ilikuwa sabuni," akasema polepole.

Nilitaka kufurahi, Ngoie, lakini sikuweza. Maana lile povu lisilo na sabuni lilikufa, ndiyo, ila liliishi muda wa mtu kusimulia habari fupi. Kwenye karatasi yangu lisingepata hata nafasi ya kufungua mdomo. Kopo lake lilisema uongo na karatasi yangu ilisema uongo, na ukweli ulikuwa mahali fulani katikati, hakuna aliyejua wapi. Tulirudi nyumbani kwa miguu tukizungumza njia nzima. Tulikuwa hatujazungumza hivyo tangu uchumba.

Kuanzia hapo ndipo mapovu yako yanapoingia. Baba yako alikunja waya ukawa pete, akaichovya kwenye maji ya sabuni, kwa sababu utando wa sabuni unaishi muda wa kutosha kutazamwa, akaushika mbele ya dirisha. Ukajaa rangi, mistari ya wekundu na kijani na manjano ikishuka taratibu, na kila rangi ni unene wake. Mimi nilikuwa nimeandika namba za unene wa utando wiki nyingi na sijawahi kuutazama mmoja.

Baba yako akapuliza katikati, kidogo sana. Pale alipopuliza rangi ikabadilika. Utando ulikuwa umekonda. Kwa hesabu yangu, mahali palipokonda ndipo panapokufa. Nikangoja upasuke. Akaacha kupuliza, na ile rangi ya kwanza ikarudi mahali pake.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Rangi ikaondoka, ikarudi.

"Maji inarudia yenyewe fasi ile ilipunguka," akasema. "Nani anairudisha?"

Wewe ulitaka kupuliza pia, ukapuliza kwa mashavu yote mawili, ukatupasulia. "Tena!" Tukafanya tena, na tena, mpaka mche wa sabuni wa mwezi ule ukaisha, na tantine wako akauliza kama tunaoga mara ngapi kwa siku katika nyumba hii.

Nani anayarudisha? Nilikaa na swali hilo darasani, sokoni, na Mungu anisamehe, hata kwenye misa. Nililipenda. Nilisahau kwa siku nzima nzima kwamba lilihusu Kolwezi.

Jibu lilikuja nikiosha sufuria ya bukari. Unga ulikuwa umeelea juu ya maji ya beseni, umetanda kila mahali. Sabuni ikaponyoka ikagusa maji upande mmoja, na unga wote ukakimbilia upande wa pili, kama watu waliosikia mlio wa bunduki. Nilifikiri sabuni imeusukuma. Kisha nikasimama na mikono inayochuruzika. Haikuusukuma. Mahali penye sabuni ngozi ya maji imelegea, na kule kusiko na sabuni ngozi bado ina nguvu. Kule ndiko ngozi ilikovuta, ikaburuta unga. Sasa rudi kwenye utando. Ukiunyosha, mafuta yaliyo kwenye ngozi yake yanatawanyika, yanakuwa machache pale. Yakiwa machache, ngozi ya pale inapata nguvu, inavuta ngozi ya jirani, na ngozi ya jirani inakuja na maji yake. Utando unajitibu palepale ulipoumia. Na mimi nilikuwa nimeupa mkazo wa namba moja kwa utando mzima! Nilikuwa nimeukataza kujitibu.

Nikaandika kadi upya. Kila kisanduku sasa kilikuwa na namba mbili, unene wa maji na wingi wa mafuta kwenye ngozi, na mkazo ulibadilika kutoka kisanduku hadi kisanduku. Jumamosi ya kwanza nilikosea alama moja ya kutoa, ngozi ikawa inasukuma badala ya kuvuta, na mashini ikatapika namba kubwa kuliko dunia. Opereta aliruka kutoka kitini akidhani imeharibika, na kwamba mishahara ya watu imekwenda nayo. Jumamosi iliyofuata utando uliishi. Uliishi muda ule ule, au karibu sana, wa povu la kopo lililosuuzwa. Nilisimama na soksi zangu kwenye ile baridi nikacheka peke yangu, na opereta akaniletea kiti.

Hesabu ilisema: ongezeni mafuta kidogo, povu litafika ukingoni. Injenieri Monga akakubali mstari mmoja wa mabeseni. Asubuhi ile nilikuwepo. Povu lilipanda kijani kama majani ya mvua ya kwanza, likajaa, likamwagika kwenye mfereji, na wanaume wakapiga makofi. Baba yako hakupiga. Alinitazama tu.

Mchana povu lilikataa kufa. Mferejini linatakiwa livunjike, liache shaba iende na maji. Halikuvunjika. Likajaa mfereji, likapanda, likatoka, likashuka ngazi, likafunika sakafu. Watu walikuja na makoleo, lakini povu halichoteki, unatia koleo linatoka na hewa. Mapampu yakaanza kupiga kelele kama mtu aliyepaliwa. Injenieri Monga alisimama ndani yake mpaka magotini, kijani mpaka kwenye miwani, akisema kwa sauti yake ndogo, "Funga. Funga yote."

Kesho yake niliitwa kwa mkurugenzi. Alikuwa na koti lake la abacost, na picha ya Rais ukutani, na mbele ya meza yake mtu alikuwa amekwisha kutamka neno sabotage, hujuma. Unajua neno hilo linaweza kumfikisha mtu wapi. Wengine walioitwa kwa neno hilo hatukuwaona tena.

"Citoyenne, nani alikutuma?"

Kabla sijafungua mdomo injenieri Monga akasema, "Miye njo nilimuomba. Niandike miye."

Hakuwa na haja ya kusema hivyo. Hakuwa ndugu yetu. Mpaka leo ninapomwona barabarani nasimama.

Nilikunjua karatasi yangu mbele ya mkurugenzi. "Citoyen mkurugenzi, tuliuliza kama povu itasimama. Hesabu ikajibu swali lile. Hatukuuliza kama itakufa pale tunataka ikufe."

Mkurugenzi akavuta karatasi kwake. "Na sasa?"

"Sasa utuache tuulize."

Akatupa mpaka mwisho wa wiki. Kosa lilikuwa wazi mara tu tulipoacha kuogopa. Maji ya kiwanda yanazunguka: yakitumika yanarudi mabeseni, na mafuta yake yanarudi nayo, na sisi juu yake tunaongeza mengine. Utando wangu kwenye karatasi ulikuwa na kuta pande zote. Hakuna kilichorudi kamwe. Nikafungua ukuta mmoja, nikaacha mafuta ya jana yaingie, na mashini ikaonyesha yale yale tuliyoyaona kwa macho: utando mgumu usiokubali kuvunjika. Kisha nikapunguza mafuta mapya mpaka matone tu. Baba yako aliyapima matone hayo kwa mkono wake, asubuhi na mchana, hakumwachia mtu.

Povu likasimama. Likafa mferejini, kama inavyotakiwa. Mstari uliendelea mpaka mapipa ya Ulaya yalipofika, na siku ile ile mafuta ya mkalitusi yakasahauliwa. Hakuna aliyeandika habari yake popote. Mimi nilirudi kwa wanafunzi wangu. Baba yako hakwenda Kolwezi, na wewe ulikua na mtu wa kukufundisha kuendesha baisikeli. Hilo ndilo tulilokuwa tunalicheka wiki iliyopita, Ngoie, tukikusikiliza ukisoma karatasi yako.

Huko utakuta mashini ambazo mimi siwezi hata kuziwazia. Nasikia zinachora. Utaandika kitu na utando utatokea mbele yako, unatembea, una rangi. Utaupenda. Ukishaupenda, nenda ukatafute waya na sabuni, ukae dirishani nao. Nafikiri mara nyingi juu ya zile wiki nilizokaa bila kwenda labo, nikingoja baba yako aje kwangu. Labo ilikuwa kilometa chache tu. Na pale utakapoandika namba moja kwa kitu kizima, kwa sababu ni rahisi, kwa sababu waliokutangulia waliiandika hivyo, tia alama ndogo ya kalamu pembeni. Mimi sikuitia.

Kuna jambo moja sijalielewa mpaka leo. Utando wa sabuni ukikaribia mwisho wake, rangi zinashuka zote, juu panakuwa peupe kama fedha, kisha panakuwa peusi. Peusi kabisa, kama tundu. Mara ya kwanza baba yako alisema, "Hapa pamekwisha kupasuka." Nikaingiza sindano pale peusi, na utando ukapasuka, kwa hiyo ulikuwepo bado. Ulikuwa mwembamba kuliko kitu chochote nilichowahi kukiandikia namba. Kwa hesabu yangu, ile ya kwanza na ile iliyosahihishwa, usingekuwepo tena. Lakini siku isiyo na upepo unaweza kukaa hivyo, mweusi, mtu akamaliza chai yake. Maji yamekwisha karibu yote. Nini kinaushika? Nilitafuta kwenye vitabu vya hapa sikupata. Uliza huko. Usiniletee jibu la kitabu peke yake. Utazame kwanza, uniambie ulichoona.

Baba yako amepita sasa hivi, akasimama mlangoni. "Unaandikia nani barua? Mutoto si eko hapa?"

Eko hapa, kweli. Nakusikia chumbani unabishana na tantine wako juu ya ndakala. Kesho saa hizi nitasikia nyumba tu.

Andika, mwanangu. Na kama hata huko hakuna anayejua kwa nini ule utando mweusi haupasuki, andika hivyo hivyo. Tutakuwa hatujui pamoja, wewe kule, mimi hapa.

Mama yako